Windows, Mac na Linux: Wanaogombana Wanagombania Nini Hasa?

Oktoba 2025 uvumi mmoja ulivuka maji kutoka Mokowe na kuingia Lamu: kompyuta zote za Windows 10 zitakufa tarehe 14. Ulipita kwenye magrupu ya WhatsApp, ukafika Langoni kwenye saiba ninapokwenda kuchapisha karatasi zangu, na hapo ukazaa ubishi uliotoka Alasiri usimalizike mpaka muadhini wa Magharibi alipotuamua.

Aliyeuanza wala hakuwa na nia ya ubishi. Ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, alikuja na laptopu yake ndani ya mkoba wa ukili, akamuuliza fundi, "Mwanangu, yeo ndiyo siku yake?" Kabla fundi hajafungua mdomo, kijana mmoja mwenye MacBook akamshauri auze hicho chuma chakavu anunue kompyuta ya maana. Fundi, ambaye ni mtu wa Linux mpaka kwenye fulana aliyovaa, akasema Windows na Mac zote ni minyororo. Mzee mwenye duka la madaftari mlango wa pili akajibu kwamba Windows ndiyo kompyuta, hayo mengine ni michezo ya vijana. Yakaanza. Mwalimu akakaa na laptopu mapajani akingoja wanaume wamalize.

Nimemwandikia yeye, na kila aliyewahi kukaa pale kwenye kiti cha plastiki akisikiliza majina matatu yakirushwa huku na huku asijue ni ya nini.

Nahodha wa chombo

Majina hayo matatu ni ya mifumo endeshi. Mfumo endeshi ni programu kubwa inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, na ndiyo inayoamrisha kila kitu kilichomo.

Tazama jahazi lililotia nanga mbele ya Mkunguni. Mbao zipo, mlingoti upo, tanga limekunjwa, shehena ishapakiwa. Halitoki pale mpaka apande nahodha. Kompyuta ni vivyo hivyo. Kioo, vitufe, diski na betri ni chombo na vifaa vyake. Mfumo endeshi ni nahodha. Programu unazofungua, za kuandikia barua, kupigia hesabu au kuangalia picha, ni abiria.

Abiria hagusi usukani. Ukibonyeza herufi A, kitufe hakijui kitu kinachoitwa barua. Kinapiga kelele tu, kama baharia wa mbele aliyeona mwamba. Nahodha ndiye anayesikia na kujua habari hiyo impelekee nani. Programu mbili zikitaka printa kwa wakati mmoja, yeye ndiye anayezipanga foleni. Kumbukumbu ikijaa, yeye ndiye anayeamua shehena ipi ibaki juu na ipi ishushwe chini. Na abiria aliyefundishwa kuongea na nahodha mmoja hamwelewi mwingine, ndiyo maana programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ukiiweka kwenye Mac haifunguki.

Hapo watu wengi huchanganya. Utamsikia mtu akisema "kompyuta yangu ni ya Word". Word ni abiria. Chrome ni abiria. HP na Dell ni majina ya waliojenga chombo. Na nahodha anaweza kubadilishwa, chombo kikabaki kilekile. Fundi akikwambia anakupigia Windows upya, anamshusha nahodha aliyechoka na kumpandisha mwenziwe.

Walikotoka

Windows ni ya Microsoft, kampuni iliyoanzishwa na Bill Gates na Paul Allen mwaka 1975. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani, nahodha wake alikuwa DOS kutoka Microsoft, wa kuandikiwa amri kwa herufi, bila picha wala kipanya. Windows ya kwanza ikatoka Novemba 1985, na ile ya 1995 ndiyo iliyoifanya kuwa ya kila mtu. Siri ya Microsoft ilikuwa moja: yenyewe haikujishughulisha kujenga chombo. Ilimkodisha nahodha wake kwa kila mjenzi aliyemtaka. Ndiyo maana leo ukiingia ofisi yoyote ya kaunti, benki au shule, karibu kila utakachokiona ni Windows.

Apple, iliyoanzishwa mwaka 1976, ilishika njia nyingine. Toka Macintosh ya 1984, ndiyo hiyo Mac, aliyejenga chombo ndiye aliyemfunza nahodha, na leo nahodha huyo hapandi chombo cha mwingine. Mwaka 2020 wakaenda mbali zaidi wakaanza kuzitia Mac chipu walizozibuni wenyewe. Faida yake ni kwamba nahodha anajua kila ubao wa chombo chake, na betri ya Mac hizi mpya inakaa sana. Hasara yake ni kwamba kikivunjika kitu uko mikononi mwa mmoja tu. Apple haina duka lake lenyewe hapa Kenya, wako mawakala. Ukiwa Lamu, maana yake ni boti, basi, na kungoja.

Linux ndiyo hadithi ninayoipenda, na nitakaa hapo kidogo.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Ufini, Linus Torvalds, alikuwa na miaka 21. Alitangaza kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo endeshi, wa kujifurahisha tu. Alichokitengeneza hasa hakikuwa nahodha kamili. Kilikuwa kile kiini kinachoongea na chuma moja kwa moja. Aliyewahi kusimama Matondoni akatazama mafundi wa majahazi atanielewa nikisema kwamba Torvalds aliweka mkuku: lile gogo refu la chini linalolazwa kabla ya ubao wowote. Huko Marekani, Richard Stallman na wenziwe walikuwa toka mwaka 1984 wakichonga mbao, mataruma na misumari chini ya mradi walioupa jina la GNU, lakini mkuku wao haujakamilika. Mbao za huku zikapigiliwa kwenye mkuku wa kule, chombo kikaelea.

Kilichokitofautisha ni leseni yake. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua mkuku huo bure, akaupima, akauchonga upya, akampa jirani, mradi naye asimfungie mwenziwe mlango. Kwa hiyo Linux si chombo kimoja. Ni majahazi mamia kwa mamia yaliyojengwa juu ya mkuku mmoja: Debian ya 1993, Ubuntu ya 2004, Mint ya 2006 na mengine ambayo hata fundi wetu hayajui yote. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo halihitaji mkalimani hapa kwetu; ni ndugu wa neno letu *utu*. Na kwa sababu mlango uko wazi, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakungoja ruhusa ya mtu: mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Sasa lile lililomfanya mzee wa madaftari anyamaze kwa dakika nzima. Simu za Android zimejengwa juu ya mkuku wa Linux. Simu aliyokuwa ameishika, aliyokuwa akipokelea pesa za wateja wake, ilikuwa ni Linux ndani. Na kwenye orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, kila moja inatumia Linux, hivyo ndivyo ilivyo toka Novemba 2017. Kwa mchezo wa vijana, si haba.

Basi ugomvi ni wa nini?

Wazee wa Lamu wanajua jibu kuliko wataalamu wa kompyuta. Mji huu ulikuwa na mikao miwili, Zena na Suudi, na mtu alizaliwa upande wake kabla ya kujua tofauti ni ipi. Zama za mkoloni zikaja ngoma za beni, watu wakagawanyika tena, Kingi na Skochi, kila upande na sare zake na matarumbeta yake. Muulize mtu wa Kingi wimbo wa Skochi una ubaya gani. Ubaya wake ni kwamba ni wa Skochi.

Wa kompyuta nao wamefika hapo. Apple ilisaidia: toka 2006 hadi 2009 ilirusha matangazo Marekani ambamo Mac alikuwa kijana mwenye nguo za kawaida, ametulia, na kompyuta ya Windows alikuwa bwana wa suti, mzito, kila siku mgonjwa. Ukishaifanya mashine kuwa mtu, kuichagua kunakuwa kuchagua wewe ni nani. Upande wa Microsoft nao haukuwa mpole. Mwaka 2001 mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani, kwa sababu ya ile leseni isiyoruhusu kufunga mlango.

Lakini tazama wenye mali wenyewe walivyoishi. Mwaka 1997 Apple ikiwa taabani, Microsoft iliweka humo dola milioni 150. Bill Gates alipotokea kwenye kioo kikubwa ukumbini Boston, wafuasi wa Apple walimzomea, huku Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, amesimama jukwaani akiwaeleza waache dhana kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe. Mwaka 2016 Microsoft hiyohiyo iliyosema saratani ilijiunga na Linux Foundation, shirika linaloilea Linux, na mwaka huohuo ikaanza kuwawezesha watu kuendesha Linux ndani ya Windows. Wenye ngoma wanakula sahani moja. Wachezaji bado wanatoleana macho uwanjani.

Wanaotumia Linux, niongeze, hawahitaji adui wa nje. Wakiachwa peke yao watabishana GNOME na KDE, yaani sura mbili za kioo kilekile, mpaka chai ipoe.

Usinielewe kwamba hakuna tofauti. Zipo. Ila nusu ya ubishi wa pale saiba haikuwa juu ya mifumo endeshi hata kidogo. Kijana alikuwa analinganisha MacBook, ambayo bei yake ilipokuwa mpya ingenunua laptopu nne za mtumba, na mashine ya ex-UK iliyofanya kazi ofisini Uingereza miaka kadhaa kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Ni kama kumshindanisha punda aliyelishwa vizuri na aliyebeba mawe ya matumbawe tangu alfajiri, kisha ukausifu mtaa wa mwenye punda.

Na katika hizo za mtumba, kinachozichelewesha mara nyingi ni diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani na kisindano kinachotafuta maandishi juu yake kama cha santuri. Itoe, tia SSD, ambayo haina kinachozunguka, na mashine iliyokuwa inachukua dakika nne kuamka itaamka kabla hujavuta kiti vizuri, nahodha yuleyule. Nimeona watu wakihama Windows kwenda Linux na wakatangaza ushindi, kumbe siku hiyohiyo fundi aliwabadilishia diski.

Yanayosemwa barazani

Kubwa kuliko yote ni kwamba Mac haishiki virusi. Mwaka 2012 virusi vilivyoitwa Flashback viliingia Mac zaidi ya 600,000. Virusi vingi vinaandikwa kwa Windows kwa sababu ileile inayomfanya mwizi apende soko lenye watu wengi. Linux nayo si ngome: mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mtu alikaa miaka akijipendekeza kwenye mradi mdogo uitwao xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi, mpaka akaaminiwa, akapenyeza mlango wa siri. Aliyeligundua, Andres Freund, alishtuka kuona kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde. Cha kuchekesha ni kwamba bwana huyo alikuwa mwajiriwa wa Microsoft.

Halafu husemwa kwamba Windows ni bure. Marekani Windows 11 ya nyumbani huuzwa dola 139. Ukinunua laptopu mpya, bei yake imo ndani. Ile unayopigiwa saiba kwa mia tano mara nyingi imevunjwa kufuli, na programu inayovunja kufuli huja na wageni wake ambao hawakualikwa. Suala la uhalali wa kuiba nawaachia masheikh. Mimi nasema tu kwamba nusu ya virusi ninavyovisikia vikilaumiwa kwa Windows viliingia kwa mlango huo.

Linux, kinyume chake, ni bure kweli, ila wakati wako si bure. Kuna printa ambazo watengenezaji wake hawakuiandikia programu. Photoshop haimo. Excel kamili haimo. Iko LibreOffice, inayofungua mafaili mengi ya Excel vizuri, na mengine, hasa fomu zenye makro, yaani amri zilizotiwa ndani zijiendeshe zenyewe, ikayavuruga. Anayesema Linux ni kioo cheusi cha kuandika amri, hata hivyo, anaizungumzia ya zamani. Mint ya leo ina menyu pembeni chini, na mtu wa Windows huizoea kwa siku mbili tatu.

Turudi tarehe 14

Siku ilifika, ikapita, laptopu ya mwalimu ikawaka asubuhi yake kama kawaida.

Kilichokoma ni viraka. Nyumba za mawe za Lamu, ukuta wake mnene na chokaa yake nzuri, zinataka mwashi kila baada ya muda. Akiacha kuja, nyumba haianguki siku ile. Mvua inaingia kidogo, chumvi inakula, na siku moja kipande kinadondoka. Kila mwezi Microsoft ilikuwa ikituma mwashi kuziba nyufa zilizogunduliwa kwenye Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 ilisema huduma hiyo ya bure imekwisha. Ufa usiozibwa si jambo la kutania. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka. Miezi miwili baadaye virusi vya WannaCry vikapita kwenye mashine ambazo hazijakitia, vikafunga mafaili na kudai fidia, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa.

Kwa mtumiaji binafsi kuna muda wa nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, unajisajili kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao hulipi. Usipotaka, ni dola 30.

Njia nyingine ni kuhamia Windows 11, na hapo ndipo wengi walipogonga mwamba. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, ambayo ni kijisanduku cha funguo ndani ya mashine, na inataka kichakataji, ile chipu kuu inayofanya kazi zote, kisiwe cha zamani sana. Kama mashine yako ni ya Intel, soma kibandiko au ukurasa wa mfumo: ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya kistari inakuambia ni kizazi cha nane, na kwa kawaida hicho kinakubalika. Ukiona i5-6300U ni kizazi cha sita, hakikubaliki. Laptopu nyingi za ex-UK nilizozishika hapa ni za sita na saba. Tazama kabla ya kununua, si baada.

Wale waliocheka upande wa Mac wasicheke sana. Apple nayo huachisha vyombo, tena kimyakimya. Toleo la nahodha wa Mac lililotoka Septemba 2025, Tahoe, limetangazwa kuwa la mwisho kwa Mac zenye chipu za Intel, na linazikubali chache tu kati yake. MacBook Air ya yule kijana, nilipoichungulia chini, ilikuwa ya 2017. Hiyo iliishia kwenye Monterey ya 2021, na viraka vya Monterey vilikuwa vimeshakoma kabla ya siku ile aliyomwambia mwalimu auze chuma chakavu. Nilimwonyesha pembeni, si mbele za watu.

Laptopu ya mwalimu ilikuwa kizazi cha sita, diski ya kuzunguka. Fundi, ulimi wake mrefu lakini mkono wake una insafu, hakumlazimisha kitu. Aliagiza SSD Mombasa, ikafika siku ya tatu. Akambakishia Windows 10 yake, akamsajilia ile nyongeza ya mwaka, na pembeni yake akaweka Mint, kwa hiyo sasa mashine ikiwashwa humuuliza amtake nahodha yupi. Mtandao, barua na maazimio ya kazi anayafanyia Mint. Karatasi za mtihani anarudi Windows kuzichapisha, kwa sababu printa ya shule imegoma kabisa kuelewana na Mint, na fundi ameshaijaribu mara mbili.